Niliitikia Amina kwenye dua ya mwenzangu Mwislamu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, nauza viazi hapa Uyole, na ni Mmoravian wa kuzaliwa. Miaka sita sasa meza yangu imepakana na ya mama mmoja wa Kiislamu. Mwezi wa sita mwanangu wa miaka mitatu alilazwa kwa nimonia. Jioni ya pili mwenzangu alikuja wodini na chupa ya uji. Akainua viganja akaomba dua yake, mimi nikaomba kwa jina la Yesu, wote tukaitikia Amina. Mtoto akapona. Nilipotoa ushuhuda kwenye ibada ya akina mama, kiongozi mmoja akasimama, akasema nimeitikia dua ya mungu mwingine, nitubu. Tangu siku ile namkwepa mwenzangu, hata chai ya asubuhi nakunywa peke yangu. Je, tunaabudu Mungu mmoja au la?*
*Mama Viazi, Uyole*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Namshukuru Mungu mtoto ni mzima.

Mimi naamini anayeombwa ni mmoja. Mnachotofautiana, tena sana, ni kuhusu yeye ni nani, na hilo sitakuficha.

Bibi yangu mzaa mama alibatizwa ukubwani, kule Kalenga. Mpaka anazeeka, radi ikipiga alikuwa akishika kifua na kutamka "Nguluvi!" Jina hilo la Mungu Wahehe walikuwa nalo kabla hawajaiona Biblia, na walipoingia kanisani walilikuta humo. Kwenu ni vivyo hivyo. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Matambiko waliyapinga, lakini Kyala, jina la Mungu, walilichukua vinywani mwa Wanyakyusa, na mpaka leo ndilo linaloimbwa kanisani. Kama kanisa liliona wazee wetu walikuwa wakimtaja Mungu yule yule bila kumjua vizuri, utamwambiaje mwanamke anayemwomba Muumba wa mbingu na nchi, Mungu wa Ibrahimu, kwamba anaita mwingine?

Qurani yenyewe, sura ya 29 aya ya 46, inawaagiza Waislamu wawaambie Wakristo na Wayahudi kwamba Mungu wetu na wenu ni mmoja. Wakatoliki nao, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1965, walitamka kwamba Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja aliye hai. Wewe Mmoravian tamko hilo halikufungi, ila ujue kwamba wazo hili halikuzaliwa wodini kwako.

Sasa kiongozi wako. Nisikilize vizuri, kwa sababu hakusema kitu cha kutunga. Yohana 5:23 inasema asiyemheshimu Mwana hamheshimu Baba aliyempeleka. Mwislamu anamheshimu Isa kama nabii aliyezaliwa na bikira Mariamu, lakini kumwita Mwana wa Mungu hawezi. Qurani inakataa kabisa kwamba Mungu amezaa au amezaliwa. Hapo ndipo imani yenu inapoachana na yao, na huo si ugomvi wa maneno. Anayekwambia dini zote ni sawasawa anazidharau zote mbili.

Lakini fungua pia Yohana 4. Wayahudi hawakuwa wakichangamana na Wasamaria, na kuhusu ibada walibishana vikali. Yesu alimwambia yule mwanamke waziwazi: ninyi mnaabudu msichokijua. Hakumwambia mnaabudu mungu mwingine. Na maneno hayo alimwambia baada ya kukaa naye kisimani na kumwomba maji ya kunywa.

Jambo jingine linaniuma, mwanangu, nawe hujaligusa kabisa kwenye barua yako. Umefikiria ile Amina ilimgharimu nini mwenzio? Wewe uliomba kwa jina la Yesu, yeye akaitikia. Kwa Mwislamu hilo si jepesi, na huenda naye nyumbani kwao kuna mtu aliyemuuliza. Hakukuomba ubadili dini. Alileta uji, akaomba kwa namna anayoijua, kisha akakuacha uombe kwa namna yako. Halafu ukaanza kumkimbia bila kumwambia kosa lake.

Toba sioni ya nini. Kila mmoja aliomba dua yake na hakuna aliyeikana imani yake. Siku nyingine ukisikia kwenye dua neno usiloliamini, nyamaza kwa heshima, inatosha. Kwa kiongozi wako usiende na hasira. Mwombe mchungaji akukutanishe naye faraghani, nenda na Biblia yako, someni sura hizo mbili pamoja. Akibaki na msimamo wake, mheshimu. Lakini kuamini kwamba jirani amekosea kuhusu Mungu hakumpi mtu ruhusa ya kumnunia jirani huyo, na hilo mwulize kwa upole.

Kwa mwenzio usingoje kikao. Asubuhi, kabla hujamwaga viazi mezani, vuka na kikombe chako ukae pale ulipozoea kukaa. Mweleze yote, hata lile neno la ibadani, asije akalisikia kwa mwingine. Mwombe radhi kwa kumkwepa. Na siku hiyo mbebe mtoto uende naye, maana huenda tangu atoke wodini huyo mama hajamwona.