Boyle hakukosea, ila tone la maji bado lipo

Mkuu, umeuliza hivi: bomba la sindano limezibwa, ndani mna maji kidogo na mvuke wake tu. Ukivuta pistoni nafasi ikawa maradufu, mbona kitabu kinasema kanieneo (presha) la mvuke halibadiliki, wakati kwa kanuni ya mwanasayansi Boyle lingeshuka nusu?

Mimi swali hilo nililipata shuleni kwa kukariri. Kulielewa nimelielewa nikiuza gesi Kirumba, hapa Mwanza.

Mama mmoja mkaanga sato alirudisha mtungi wa kilo 15 amefura. "Mwanangu, mmenipunja! Mshale haujashuka tangu siku ya kwanza, leo gesi inakatika samaki wakiwa kwenye mafuta." Nikaupandisha kwenye mizani. Uzito ni uleule uliogongwa kwenye kola, ule ukingo wa juu: uzito wa mtungi mtupu. Hakupunjwa, ila alikuwa akiamini mshale wa presha unapima gesi iliyobaki.

Mle ndani gesi ni kimiminika, juu yake umekaa mvuke. Ukiwasha jiko mvuke unatoka, na kimiminika kinageuka mvuke kufidia. Molekuli zinazoruka zikilingana na zinazorudi, presha inatulia, na inapotulia ni jotoridi linaloamua. Ziwe kilo 12 au kilo 1, mshale uko palepale. Boyle alihesabu gesi isiyoongezeka wala kupungua. Kwenye bomba lako molekuli mpya zinaingia kila unapovuta, mradi jotoridi ni lilelile. Tone la mwisho likishakauka, hapo ndipo kanuni yake inaanza kufanya kazi.

(Wajuzi msinirukie: najua mtungi una propani na butani, na propani hutangulia kutoka, kwa hiyo presha hushuka taratibu. Kwa nyuzi 25 butani ina kanieneo kama mara 2.4 ya hewa ya pwani, propani zaidi ya mara 9.)

Halafu kuna wanaowasha jiko kubwa muda mrefu, mtungi unapoa hadi unatoa jasho, moto unafifia. Mvuke umeondoka na joto la kimiminika. Uache upumzike. Nimewahi kukuta mtu kausogeza kwenye mkaa ili "upate nguvu", nikatoka mbio.

Kinachowaponza wanafunzi wa huku lakini ni 760, yaani presha ya hewa ya pwani kwa milimita za zebaki. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo presha ya hewa ya Mwanza ni kama milimita 665 za zebaki. Ukikusanya oksijeni juu ya maji kwa nyuzi 25, mvuke una 23.8, ondoa, oksijeni kavu ni kama 641. Ukianza na 760 umepiga hesabu ya Dar.

Kwa sababu hiyohiyo maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na maharage yanachelewa kuiva. Wifi yangu wa Tanga nimemweleza mara mbili, bado anasema tunanunua ya msimu uliopita.