Kukodi ekari 15 Handeni: yaliyonikuta Kabuku

Mkuu, umeuliza kama ukodi ekari 15 za mahindi Handeni, mkoani Tanga, masika hii, na ukaongeza kwamba wenye ekari mbili tatu ndio wanaotuletea njaa. Hilo la pili nalikataa. La kwanza, ngoja nikusimulie.

Nilikodi ekari 12 upande wa Kabuku. Mama analima 2 jirani yangu: udongo uleule, mvua ileile, mbegu ya Staha tuliyonunua pamoja. Nikavuna gunia 31, yeye 13. Piga hesabu kwa ekari: mimi mbili na nusu, yeye sita na nusu. (Baadaye nilipima shamba kwa hatua, ekari moja ni 70 kwa 70, nikakuta ekari zangu ni 10 na kidogo. Hata hivyo ni gunia tatu tu kwa ekari. Pima kabla hujalipa.)

Mvua za kwanza zikishuka, kila mtu anataka trekta. Nilipanda siku 16 nyuma ya mama, na mvua ilipokata, mahindi yangu ndiyo kwanza yanabeba. Palizi ndiyo iliniumiza zaidi. Vibarua nao wana mashamba yao, wanakuja kwako wakishamaliza kwao. Tulipofika ekari ya nane, ya kwanza ilikuwa imeota majani upya. Mama alipita mstari kwa mstari kila asubuhi. Shimo lililofukuliwa na kanga alilirudishia mbegu siku hiyohiyo. Viwavijeshi walipoingia, alitia majivu na mchanga kwenye moyo wa kila mche, kwa vidole. Mimi nilipopuliza dawa, wadudu walikuwa wameshazama ndani.

Mwaka 1962 mchumi Amartya Sen aliandika juu ya jambo hilihili kwa takwimu za India: shamba likizidi ukubwa, mavuno kwa ekari hupungua. Familia haijilipi ujira, kwa hiyo inaendelea kupalilia hata pale anayelipa vibarua angekwisha kuacha.

Lakini usiseme basi ekari 2 zinatosha. Kwa mama wanakula watu saba, na gunia huisha kwa wiki sita hivi. Kwa mwaka ni karibu gunia tisa. Zinabaki nne, na humo imo ada ya shule, hospitali na mbegu ya msimu ujao. Mwenye ekari moja, hata akivuna gunia saba, tayari ana upungufu. Akibanwa akauza tatu kwa lumbesa (gunia la kujazwa kupita kipimo) wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, Februari ananunua unga wa kupima dukani. Anayelima vizuri kuliko wote kijijini anaweza kuwa ndiye anayelala njaa, na kumwita mvivu ni kumwonea. Dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, nao huchukua sehemu yao. Mama sasa anahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya kuhesabu pesa, hesabu mikono uliyo nayo wiki ya tatu baada ya kupanda. Kama una trekta lako, mashine ya kupandia na dawa ya magugu mkononi, hesabu yako ni nyingine. Kama unategemea kukodi kila kitu, anza na 4. Ndizo ninazolima mimi sasa, na palizi ya kwanza namaliza ndani ya siku kumi.