Calacanis na Uber: bahati au mtandao wa watu?

Umeuliza kama Jason Calacanis, mwekezaji wa Marekani, alibahatika tu kwa kuwekeza mapema kwenye Uber, kampuni ya usafiri. Bahati ipo, ila angalia mfuatano. 1996 alianzisha jarida la Silicon Alley Reporter, New York. 2003 akaunda Weblogs, Inc., kampuni ya blogu, na Brian Alvey; kampuni ya intaneti ya AOL ikainunua 2005. Mahalo, tovuti yake ya 2007, ndiyo iliyokwama: ilitegemea wasomaji wanaoletwa na Google, na Google ilipobadili upangaji wa matokeo ya utafutaji Februari 2011, wasomaji wakapungua vibaya.

Kipindi chake cha mahojiano kuhusu kampuni changa, This Week in Startups, kilianza 2009. Kwa maoni yangu hapo ndipo siri ilipo: anayewahoji waanzilishi kila wiki husikia kampuni changa kabla ya benki yoyote. Uber aliingia mapema, akiwa skauti wa Sequoia, yaani mtu anayeitafutia kampuni hiyo ya uwekezaji kampuni changa za kuweka fedha.

Sasa hesabu, maana wengi hukosea hapa. Tuseme umeweka dola 25,000 kwenye kampuni yenye thamani ya dola milioni 5 baada ya mtaji kuingia: unamiliki 0.5%. Kila duru mpya ya mtaji ikipunguza fungu lako kwa 20%, baada ya duru 4 unabaki na kama 0.2%. Kampuni ikiuzwa dola bilioni 1, unapata takriban milioni 2. Ikiuzwa kwa bei ndogo, wenye hisa za upendeleo hulipwa kwanza na wewe unaweza kutoka mikono mitupu. Kwa hiyo usimwage akiba yote kwenye kampuni moja; nyingi hufa.