Usimeze dawa ili umalize ngwe ya pili

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma. Unauliza kama kuna ubaya ukimeza diklofenaki asubuhi, mgongo utulie, ukate ngwe mbili za miwa kwa siku badala ya moja. Upo, baba, tena mkubwa.

Una siku nne tu huko Kilombero. Mimi nilikata misimu sita. Shamba likishachomwa unaingia kwenye majivu, joto linakupiga juu na chini, na kwa kuwa unalipwa kwa ngwe hakuna wa kukwambia pumzika. Msimu wangu wa tatu miguu ilianza kukaza saa nne asubuhi. Nikaisugua, nikaendelea. Saa saba nilikwenda kukojoa kando ya mfereji, ukatoka mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Nikarudi kukata. Mwenzangu wa mstari wa pili ndiye aliyeona panga langu linapiga hewa na kwamba nikiitwa siitiki. Walinivua shati, wakanilaza kivulini, wakanimwagia maji na kunipepea kwa gunia hadi gari likaja.

Daktari alinieleza kwamba mwili ukikauka, damu inayofika kwenye figo hupungua, na dawa kama diklofenaki na ibuprofeni huzidi kuipunguza. Maumivu yangekusimamisha, nawe umeyanyamazisha. Figo zenyewe huharibika kimyakimya. Kule Nikaragua na El Salvador wakata miwa wamekufa kwa maelfu kwa figo, wengi wao vijana wasio na kisukari wala presha.

Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, kwa hiyo sasa kata kidogo, uongeze siku hadi siku. Anza alfajiri. Kunywa kikombe cha maji kila dakika 20, hata kama huna kiu. Ukitoka jasho sana, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Panga linolewe kila mara, maana butu hukufanya upige muwa mmoja mara tatu, na mgongo wako nadhani unaumia hapo.

Ada ya mdogo wako isikusukume. Nimeongea na mama yako, tutauza mbuzi wawili. Nipigie leo usiku uniambie mkojo wako una rangi gani.

Baba yako