Mama Yumo Kwenye Gurudumu

Swali la wiki hii lasema: ukirudishiwa kimoja tu, gari la zamani la familia au picha zilizopigwa kando yake, utachukua kipi?

Nachukua picha, ingawa gari lile nililipenda mno. Lilikuwa Peugeot 404, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 1960, gia yake ikiwa kwenye usukani. Kukiwa na baridi baba alivuta choki, akasikilizia, akairudisha taratibu, nasi watoto nyuma kimya mpaka injini ikubali. Hadi leo zipo 404 zinazotembea. Mwenye fedha na subira atapata moja, ainyooshe bodi, aipake rangi, iwake. Lakini haitakuwa ile yetu.

Picha nazo zina ila. Wadogo zangu, waliozaliwa gari limeshauzwa, wanashikilia kwamba lilikuwa la waridi, na ushahidi wao ni albamu. Jamani, lilikuwa la samawati! Karatasi nyingi za picha za rangi za miaka ya 1970 zilipoteza samawati kwanza, hata zikifungiwa gizani, wekundu ukatawala. Picha za babu za nyeusi na nyeupe, ambazo taswira yake ni chembe za madini ya fedha, zina umri mkubwa zaidi na bado zimekoza.

Katika picha zote za gari, mama hayumo. Kamera ilikuwa yake. Mkanda wa picha 36 ulimchukua miezi, kila moja akiipima kabla ya kubonyeza. Alipofariki tulipekua albamu tatu tukitafuta sura yake ya ujanani, tukaambulia picha mbili, zote za studio.

Mwaka jana nikaamua kuziskani. Zilikuwa zimeganda kwenye zile kurasa zenye gundi (wenye albamu za namna hiyo, nawasihi msizing'oe kwa nguvu, pitisheni uzi wa kusafishia meno chini ya picha polepole). Moja inatuonyesha mimi na dada yangu tumechuchumaa karibu kabisa na gurudumu la mbele. Nikaikuza kwenye kompyuta kutazama nyuso zetu, jicho likashuka kwenye kile kifuniko cha chuma cha katikati ya gurudumu, ambacho baba alikisugua mpaka kikawa kioo. Ndani yake kuna mtu. Kwenye karatasi yenyewe hazidi kichwa cha pini. Kwenye kompyuta ni umbo lililopinda, viwiko viwili vimeinuliwa, kamera usoni, na chini yake gauni lenye mkanda mpana kiunoni.

Nilikaa nalo muda mrefu. Jioni nikamtumia dada picha nzima, bila maelezo, bila alama yoyote. Alinipigia papo hapo. Hakuniuliza habari za gari wala za sisi wawili. Alisema, "Lile gauni alilishona mwenyewe."