Likizo ya mbugani Zambia: chagua mwezi kwanza, mbuga baadaye

Kila nikisema nimeenda Zambia mara mbili kuangalia wanyama swali ni lile lile, wewe uko Mbeya, Ruaha hiyo hapo, Serengeti ya kwenu, Zambia unafuata nini? Nafuata kutembea kwa miguu. Kwenye hifadhi ya South Luangwa unashuka kwenye gari asubuhi unaingia porini kwa mguu na askari mwenye bunduki mbele yako, na jioni unatoka tena na gari la wazi mpaka usiku na tochi kubwa mnamtafuta chui. Kwetu hivi vitu vipo baadhi ya sehemu lakini kule ndo maisha ya kila siku, na ukishavionja kukaa ndani ya gari siku nzima unaona umekosa kitu.

Ila naomba unisikilize kabla hujalipa hela ya mtu, maana safari yangu ya kwanza niliiharibu kwa kosa moja tu na naona watu wanalirudia kila siku. Watu wanachagua mbuga kwanza, wanachagua loji, halafu wanaenda siku ambayo bosi katoa likizo. Kule kusini mwa Afrika ni kinyume, mwezi ndo unaamua utaona nini, mbuga inafuata.

Februari 2019 tulienda watatu, mimi, mdogo wangu na rafiki yetu tuliyesoma naye chuo. Tulikuwa tumepata wakala mmoja mtandaoni akatuambia njooni tu South Luangwa mwaka mzima ni msimu, na kweli bei yake ilikuwa chini sana ukilinganisha na nyingine tulizoulizia. Hakutuambia kwa nini iko chini na sisi hatukuuliza. Na sisi watu wa Mbeya ndo tulipaswa kujua kuliko wote, maana mvua ya kule ni ile ile ya kwetu, inaanza Novemba inakatika Aprili, hakuna cha vuli na masika kama Dar. Tumefika, mto Luangwa umejaa hadi ukingoni maji rangi ya chai ya maziwa, barabara nyingi za ndani ya hifadhi zimefungwa kwasababu ule ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ukilowa gari linazama mpaka ekseli, kambi nyingi za ndani zimefungwa hadi mvua iishe, majani yamefika kifuani kwa mtu mzima kwahiyo simba anaweza kuwa hatua kumi na humwoni, na kutembea kwa miguu ambako ndo tulikuwa tumefuata kumesitishwa. Siku nne tulizunguka barabara zile zile chache za karibu na geti la Mfuwe. Mdogo wangu alilia siku ya tatu, alikuwa ametumia akiba yake ya mwaka mzima, na hiyo picha haijanitoka.

Niwe mkweli, pori lilikuwa zuri. Kijani mpaka macho yanauma, swala pala na watoto wao wadogo, na ndege wengi ajabu. Kama wewe ni mtu wa ndege au unapenda kupiga picha za mawingu na mwanga basi huo ndo msimu wako na utaupata kwa bei nzuri. Ila uende ukijua.

Mara ya pili ilikuwa Septemba 2023, mimi na mume wangu, na ilikuwa kama nchi nyingine kabisa. Mvua ikikatika maji ya porini yanakauka taratibu, Juni bado kuna mabwawa huko mbali, Agosti yamebaki machache, ikifika Septemba na Oktoba karibu kila mnyama lazima aje mtoni, na mto wenyewe umepungua umebaki mchanga mpana na vidimbwi. Huna haja ya kumfukuzia mnyama, unakaa kwenye ukingo na wao wanakuja. Viboko wamebanana kwenye kidimbwi kimoja migongo inagusana, wanagombana usiku kucha, na kwenye kingo za mto kuna wale ndege wekundu wanaokula nyuki, wanakuja kwa mamia wanatoboa mashimo ukutani kutaga, ukuta mzima wa udongo unakuwa kama una maua yanayoruka. Oktoba ndo wanyama wanaonekana zaidi ila joto lake ni kali mno, linapita 40, wenyewe wanauita mwezi wa kujiua, kwahiyo kama unaenda na mzee au mtoto mdogo uache. Juni na Julai mchana ni mzuri lakini alfajiri kwenye gari la wazi baridi inapenya mpaka kwenye mifupa, beba koti la ukweli na kofia, watu wanadhani Afrika nzima ni joto tu.

Sasa shida inaanza ukitaka kuunganisha na maporomoko ya Victoria, na kila mtu anataka kuunganisha. Maporomoko yanafuata kalenda yake. Maji yanakuwa mengi kabisa kama Aprili na Mei, hapo moshi wake unakulowesha kama umesimama kwenye mvua na wakati mwingine hata maporomoko yenyewe huyaoni kwa ukungu, halafu yanapungua, na ikifika Oktoba na Novemba upande wa Zambia sehemu kubwa ni mwamba mtupu, inabidi uvuke daraja uende Zimbabwe ndo uone maji ya maana. Yaani mwezi ambao simba wanaonekana vizuri ndo mwezi ambao maporomoko yamekonda. Sisi Septemba tulikuta maji bado yapo lakini membamba, mume wangu alikuwa na picha kichwani ya kwenye kalenda za ukutani, alisimama pale Livingstone, mji wa maporomoko upande wa Zambia, kimya muda mrefu. Kama unataka vyote viwili kwenye safari moja, mwisho wa Juni mpaka Julai ndo maelewano mazuri, hupati kilele cha chochote ila unapata vyote.

Na kama moyo wako uko Botswana jua kwamba delta ya Okavango, pale mto unapotawanyika na kuwa mabwawa, nayo ina mambo yake, mvua inanyesha Angola na maji yanatembea miezi mpaka yafike, kwahiyo delta inajaa katikati ya kiangazi, Juni mpaka Agosti hivi, wakati hakuna tone la mvua. Ila Botswana ni ghali, nchi yenyewe iliamua ipokee watalii wachache wanaolipa sana. Wengi wenye bajeti kama yangu wanalala Livingstone halafu wanaenda hifadhi ya Chobe, Botswana, kwa siku moja, mnavuka daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021, zamani ilikuwa pantoni na foleni ya malori ya siku kadhaa. Chobe mwezi wa 9 tembo ni wengi hadi unaacha kuhesabu.

Kuhusu kufika. Mtanzania hahitaji viza Zambia, paspoti tu, na beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, mimi niliombwa mara zote mbili. Tunduma na Nakonde ni mpaka mmoja unagonga mihuri yote sehemu moja, na ukivuka tu rudisha saa nyuma saa moja, tulikaribia kuachwa na basi kwasababu ya hilo, mume wangu alikuwa na saa ya mkononi mimi naangalia simu kila mtu anabishana na mwenzake. Hela badilisha kwenye duka la kubadilishia fedha au benki, wale vijana wa mpakani wanaokukimbilia na mabunda ya kwacha wakwepe hata kama bei yao inavutia, wanahesabu haraka mno. M-Pesa yako haifanyi kazi kule, nunua laini ya pale kwa paspoti.

Kutoka Nakonde mpaka Lusaka ni kama kilomita elfu moja, basi linachukua usiku na mchana, na kipande cha Mpika mpaka Serenje tulipopita barabara ilikuwa imechoka sana. Lusaka lala, usijikaze. Kesho yake panda basi la Chipata, kilomita kama 570 mnavuka daraja la mto Luangwa njiani, halafu Chipata hadi Mfuwe ni lami. Kwahiyo kwa basi kutoka Mbeya ni siku tatu kwenda na tatu kurudi, kama una likizo ya wiki moja usijidanganye, panda ndege mpaka Lusaka, na kuna ndege ndogo zinaenda Mfuwe moja kwa moja. Bajeti yetu tulifanya basi kwenda, ndege kurudi, na ndo nitakavyofanya tena maana ukiwa unarudi umechoka.

Ukienda na gari lako beba bima ya COMESA inayotambulika nje ya nchi, ile kadi ya njano, kadi halisi ya gari, na kama gari si lako barua ya mwenye gari iliyogongwa muhuri. Ushuru wa barabara na vitu vidogo vidogo vya mpakani tenga hela yake mapema.

Unapoulizia bei waulize maswali mawili matatu kwa maandishi kabla ya kutuma dipoziti. Bei inajumuisha kiingilio cha hifadhi cha kila siku au hapana? Kuna punguzo la raia wa SADC, maana sisi ni wanachama? Kutembea kwa miguu kunafanyika tarehe hizo? Hilo la mwisho ndo kubwa, mtu akizungukazunguka kujibu mwache. Na watoto, kambi nyingi hazichukui chini ya miaka 12 kwenye matembezi, ulizia usije ukambembeleza mtoto pale getini.

Kulala, sisi tulipiga hema kambi ya nje ya hifadhi kando ya mto, ndo rahisi, na wanyama wanavuka wanakuja. Sheria ya kwanza unayopewa ni usiweke tunda lolote kwenye hema wala kwenye gari, tembo ananusa chungwa anafungua gari kama bati la sadini. Jirani yetu alisahau maembe mawili kwenye begi. Saa nane usiku nilisikia kitu kama mtu anavuta pumzi ndefu kwenye kitambaa cha hema, kimya, halafu sauti ya tumbo, lile tumbo la tembo linanguruma kama mashine ya kusaga iko mbali. Alikuwa amesimama katikati ya mahema mawili. Hatukuongea, mume wangu alinishika mkono tu. Asubuhi tukakuta begi la jirani liko mtoni na alama ya mguu wa tembo hatua mbili kutoka kwenye kamba ya hema letu.

Nguo za bluu nzito na nyeusi acha nyumbani, mbung'o wanazipenda. Dawa ya malaria kunywa, bonde lile ni la chini na la joto.

Na kiatu, hapa nataka uelewe kwa nini. Siku ya matembezi tuliondoka kabla jua halijapanda, askari mbele, mwongoza wageni nyuma yake, sisi kwa mstari, na kijana aliyebeba chai mwisho kabisa. Hamna kuongea. Tukafika kwenye uwanda ulionyooka, nikasema hapa rahisi, kumbe ardhi yote imejaa mashimo makubwa magumu kama saruji, ni nyayo za tembo na viboko walizokanyaga kipindi cha mvua kwenye tope, jua likazikausha hivyo hivyo. Lile tope lililotukwamisha Februari ndo lile nilikuwa nalikanyaga. Bila buti la kushika kifundo cha mguu unavunjika. Mbele kidogo mwongozaji akasimama akatuita kwa mkono, pale chini kuna alama za tairi, ni gari letu la jana usiku tuliporudi kambini, na juu ya alama ya tairi, katikati kabisa, unyayo wa simba, vidole vinne na kisigino, ukingo wake bado mkali haujamomonyoka. Akanong'ona, alipita baada yenu. Nilichuchumaa nikaweka kiganja changu pembeni yake, ule unyayo ulikuwa mpana kuliko mkono wangu.

Kifaru usimtafute pale, majangili walimmaliza, waliorudishwa wako North Luangwa. Lakini kuna twiga ambaye hayupo popote duniani isipokuwa bonde lile, anaitwa twiga wa Thornicroft, na kuna sheshe wengi, swala wale wale wa Kilombero kwetu.

Lugha haikusumbui. Nakonde Kiswahili kinatembea, na Mfuwe utajikuta unaelewa nusu, maji ni madzi, ndovu ni njovu, nyama ni nyama. Sema muli bwanji, yaani habari zenu, na zikomo, yaani asante, uone nyuso zinavyofunguka. Kula nshima, yaani ugali, na kapenta, ambao ni dagaa wetu wa Tanganyika, walipandikizwa ziwa Kariba miaka ya 1960 na sasa Wazambia wanawahesabu ni wao.

Sasa hivi tunachanga kwa ajili ya Juni mwakani, mdogo wangu nimemwambia tiketi yake ni juu yangu, na mama mkwe kasema na yeye anakuja kuona hayo maporomoko, kwahiyo nimeshaulizia chumba chenye ukuta wa matofali.