Mwanangu, uliza kwanza choo kiko wapi

Kisumu, Februari

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, kisha nikamsomea mama yako, akacheka pale ulipoandika kwamba mume wako ameona helikopta kwenye simu na tangu siku hiyo halali. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni busara kuwachukua watoto waliozoea joto la Dallas, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 3, mkapande meli ya kitalii pale Seattle hadi Alaska juma la kwanza la Juni. La pili, kati ya matembezi yote ambayo kampuni ya meli imewaorodheshea katika bandari za Juneau, Skagway na Ketchikan, mlipie yapi. Ukamalizia, "Baba, wewe ulitandika vitanda vya watalii huko, unajua."

Ni kweli najua, na ninayajua kwa upande wa mhudumu wa vyumba. Nahodha huwaona abiria wakipanda meli wakitabasamu. Sisi tuliwaona wakirudi jioni kutoka bandarini, na tulijua matembezi yalikwendaje kabla ya kuuliza, kwa kutazama tu suruali za watoto.

Jibu la kwanza ni ndiyo, wapeleke. Baridi inayokutisha si kubwa hivyo. Juneau mwezi wa Juni mchana huwa kama nyuzi 15 hadi 17, usiku ikashuka hadi 9 hivi. Asubuhi ya Julai pale Timboroa hupiga kuliko hapo, na watoto wa Timboroa huenda shule. Kinachomtesa mtoto ni upepo na maji. Meli ikienda noti 20, yaani kama kilomita 37 kwa saa, sitaha yote ni upepo hata bahari ikiwa shwari. Watazame vijana wa bodaboda hapa Kondele saa kumi na moja alfajiri. Ni Kisumu hii hii ya joto, lakini wamevaa makoti ya theluji, tena kinyumenyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani ili upepo usipenye kwenye zipu. Wao wanakijua wanachokikinga.

Basi mvishe kila mtoto nguo tatu juu ya nyingine. Ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa hukawia kukauka na humwibia mtoto joto. Tafuta sufu, au kitambaa cha michezo. Juu yake sweta nzito, na juu kabisa koti lisilopitisha maji. Wazazi wengi hukumbuka koti wakasahau suruali ya mvua, ilhali mtoto hatalowa mabega, atalowa makalio, kwa kuwa hakuna benchi lenye maji ambalo mtoto wa miaka 3 hatalikalia. Glavu ziwe jozi mbili mbili, maana moja itaanguka baharini siku ya kwanza. Na nguo za kuogelea usiziache nyumbani, mabwawa ya meli hizo hupashwa moto.

Lakini usinunue makoti hayo Dallas kwa bei ya huko. Mama yako anakwenda Kibuye Jumapili. Pale kwenye mitumba makoti ya theluji ya watoto huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana, kwa sababu wateja ni hao hao wa boda na wao wanataka ya watu wazima. Mengi bado yana lebo za maduka ya huko huko kwenu. Yalivuka bahari kuja, yatavuka tena kurudi. Binamu yako anasafiri Aprili na begi lake lina nafasi. Tuma vipimo.

Sasa matembezi. Kanuni yangu ni moja: kabla hujatazama picha, uliza choo kiko wapi na paa liko wapi. Mtoto aliyevaa nguo tatu akisema "mama, susu", una dakika mbili, na moja na nusu ni ya kufungua zipu. Matembezi yasiyo na choo karibu wala mahali pa kuingia mvua ikizidi, hata yawe mazuri kiasi gani, waachie wasio na watoto. Na msilipie kitu katika kila bandari. Familia nilizoziona zikirudi zimenuna ni zile zilizonunua matembezi mawili kwa siku moja ili pesa ya safari isipotee. Watoto walilia, wazazi walinyamaziana, na chakula cha jioni kikaletwa chumbani.

Pesa zako ziweke Juneau, kwa nyangumi. Nyangumi wa nundu huzaa kwenye maji ya joto ya Hawaii, kisha kiangazi huja Alaska kula, kwa kuwa maji yale baridi yamejaa samaki wadogo na viumbe kama uduvi. Juni wapo. Utaambiwa boti ndogo ya watu sita ndiyo inayokupeleka karibu na maji, na ni kweli, lakini wewe chukua ile kubwa yenye chumba cha ndani chenye joto, madirisha mapana na choo. Pamoja na basi la kwenda na kurudi, hesabu saa nne hivi, na beba vitafunio, kwani nyangumi haji kwa saa ya mtu. Yule mkubwa atasimama nje akingoja mkia utokee. Mdogo atatazama mara moja, aseme ameona, kisha aombe biskuti. Hiyo nayo ni safari yake.

Kilomita kama 20 kutoka mjini kuna mto wa barafu uitwao Mendenhall. Pale kuna njia ya miguu inayokwenda hadi maporomoko ya Nugget, kwenda na kurudi kama kilomita tatu, na haina mlima. Mkubwa ataimaliza mbio. Mdogo mbebe mgongoni kwa leso, uache kigari melini. Fundisho la mama yako hilo, na watu watakutazama, waache watazame.

Mkwe wangu na helikopta yake mwambie hivi. Ile safari ya kutua juu ya barafu na kuvutwa na mbwa inapita dola 500 kwa kichwa, na ninyi ni vichwa vinne. Wingu likishuka, na Juneau wingu hushuka bila kuomba ruhusa, inafutwa asubuhi hiyo hiyo. Pesa mtarudishiwa lakini siku imekwisha. Mtoto wa miaka 3 atakumbuka kelele tu. Kama roho yake haitatulia, aende yeye peke yake, na wewe uwachukue watoto kwenye nyangumi. Mbwa wanapatikana kwa njia nyepesi zaidi: kuna kambi nchi kavu ambako wakati wa kiangazi mbwa hao huvuta gari la magurudumu, na watoto hupakata vitoto vyao. Uliza tu umri wanaoruhusu kabla ya kulipa.

Skagway ni mji wa watu kama 1,200 ambao siku ya meli hujaa maelfu ya wageni. Pale kuna treni, na hii ukiwa na akiba ilipie pia, maana ina paa, ina choo, na watoto hukaa huku milima ikiwajia dirishani. Mweleze mkubwa habari yake, anapenda reli. Dhahabu iligunduliwa Klondike, Canada, mwaka 1896. Watu wakamiminika kwa maelfu kuvuka milima ile kwa miguu, na polisi wa Canada wakawa hawamruhusu mtu kuingia bila shehena ya chakula na vifaa iliyokaribia tani moja. Ndipo reli ikajengwa, kuanzia 1898 hadi 1900. Ni miaka ile ile Waingereza walipokuwa wakiivuta reli yetu kutoka Mombasa. Hiyo ilianza 1896 na kufika hapa ziwani Desemba 1901. Yao ni nyembamba kuliko ya kwetu, milimita 914 kwa 1,000. Halafu mwulize swali hili: kilele ambacho treni ile inapanda kwa shida, White Pass, kina mita 873 juu ya bahari, na babu yake anakaa Kisumu, mita 1,131. Nani yuko juu? Akishajibu, mwulize mbona basi theluji iko kule na si huku. Mtakuwa na mazungumzo ya kuwatosha hadi kituoni.

Ketchikan msilipie kitu. Mji ule hupata mvua zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka. Kakamega tunayoilalamikia hupata karibu 2,000. Shukeni mmevaa, tembeeni Creek Street, mtaa wa nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo kwenye kijito, mwaone na zile nguzo ndefu zilizochongwa sura za ndege na wanyama, kazi ya Watlingit na Wahaida, wenyeji wa pwani ile. Tai wenye vichwa vyeupe mtawaona juu ya milingoti ya boti. Ni jamaa wa furukombe wetu wa Dunga, hata mtindo wa kuiba samaki ni mmoja. Mkilowa, meli iko palepale. Ila jihadhari na matangazo ya dubu wakivua samaki. Salmoni hupanda mito kwa wingi kuanzia Julai mwishoni na Agosti, na dubu huwafuata. Usinunue picha ya Agosti kwa safari ya Juni.

Kuna siku moja ambayo wengi huidharau kwa kuwa haina bandari, nayo ndiyo siku bora ya wiki nzima. Kabla hujalipia meli yoyote, tazama kama ratiba yake inaingia Glacier Bay, ghuba ya mito ya barafu. Serikali yao inaruhusu meli kubwa za kitalii mbili tu kwa siku, na walinzi wa hifadhi hupanda melini asubuhi kuwaeleza watu. Msafara wa Kapteni George Vancouver ulipopita huko mwaka 1794, barafu ilikuwa karibu na mdomo wa ghuba. Leo meli huingia ndani karibu kilomita 100 kuifikia. Pale husimama, hujizungusha polepole kila upande uone, na ukuta ule wa buluu humeguka ukaanguka majini. Unaona kwanza, mlio unakuja baadaye kama radi ya ng'ambo ya ziwa. Mkubwa ahesabu sekunde katikati, atajua mko mbali kiasi gani. Na choo kiko hatua ishirini, supu moto iko hatua thelathini, na hakuna tiketi.

Mambo madogo, haraka haraka. Matembezi yanayouzwa na meli ni ghali kidogo, lakini basi lao likichelewa meli huwangoja. Mkijipangia wenyewe, nahodha hamngoji mtu. Nimeona kutoka dirishani baba mmoja akikimbia gatini na mtoto mabegani huku kamba zikifunguliwa. Kwa hiyo nyangumi na treni lipieni melini, matembezi ya miguu jipangieni. Saa ya Alaska iko nyuma ya Seattle kwa saa moja, na simu hujibadilisha yenyewe bila kujali saa ya meli, basi vaa saa ya mkono. Chumba cha watoto melini kwa kawaida hupokea kuanzia miaka 3, lakini asiyevaa nepi. Una miezi mitatu ya kumfundisha yule mdogo. Meli za Seattle hupita bahari wazi kabla ya kuingia kwenye njia tulivu ya visiwani, na hapo wengi hulewa na bahari, kwa hiyo chagua chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, na muulize daktari wa watoto dawa mapema. Dawa ile ya kubandika nyuma ya sikio si ya watoto. Juni jua huzama Juneau saa nne usiku, kwa hiyo funga mapazia, la sivyo hakuna atakayelala. Na bahshishi ya wahudumu usiipunguze. Hapo sikupi ushauri, nakuagiza.

Mwisho, mama yako. Ameuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama chumba chenu kina kitanda cha ziada. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazilazimu meli za kigeni zinazoanza na kumalizia safari Seattle kugusa bandari ya nchi nyingine, ndiyo maana ratiba yenu ina Victoria, Canada. Yeye na pasi yake ya Kenya atahitaji viza ya Canada, na ile ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Bila hizo atazuiwa pale Seattle, na mkokoteni wake wa mizigo. Zote mbili huchukua muda, kwa hiyo nijibu wiki hii ili tuanze makaratasi. Na kama atakuja, mkatieni chumba chake mwenyewe. Msimfanye yaya wa kulala na watoto ninyi mkicheza dansi. Amenituma niiandike hiyo kama alivyoisema.

Baba yako